Nyumba Isiyo na Vumbi

"Uliwahi kulazwa hospitalini?"

"Hapana."

"Uliwahi kuzimia?"

"Hapana."

"Uliwahi kubanwa na kifua, ukakosa pumzi, ukaanza kukoroma kama mlango wenye kutu?"

"Hapana."

"Unaipenda nchi yako?"

"Hapana."

Mjomba alikitua kikombe chake cha chai mezani, taratibu, kama mtu anayesalimisha silaha. "Basi," alisema, "hapo umeshapelekwa mahabusu, na mimi nimeshaitwa kuja kueleza nilikulea vipi."

Mama, aliyekuwa ameinamia cherehani yake karibu na dirisha, alicheka na pini zikiwa midomoni, kisha akazitema kiganjani ili apate kucheka vizuri. Binti mwenyewe hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, visigino vimegusana, mikono imenyooka kando ya mapaja, macho yameganda kwenye kalenda ya mwaka uliopita. Tangu utotoni mtaa mzima ulimwita Kamanda, kwa sababu hakuweza kuona watoto watatu wamekaa pamoja bila kuwapanga mstari. Jina alilopewa alipozaliwa lilibaki kwenye cheti, na huko lilikuwa na amani yake.

"Rudia, Mjomba. Hilo la nchi limenipita."

"Halijakupita. Umeshazoea hapana, na hilo ndilo ninalolitaka. Jeshini hawapendi hadithi. Mimi nimepikia kikosi kizima mpaka nikastaafu, na siri ya kudumu ilikuwa moja tu: ukiulizwa kama kuna tatizo, hapana tatizo. Sufuria inavuja? Hapana. Kuni zimelowa? Hapana."

"Na chakula, kaka, kiliiva?" aliuliza Mama.

"Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mazoezi hayo yalikuwa ya kujihami tu, maana hapana zenyewe zilikwishatolewa. Ya kwanza Kamanda aliitoa kwa kalamu, kwenye fomu ya maombi, nayo ilimtoka kirahisi hata akaishangaa. Ya pili aliitoa kwa mdomo, mbele ya daktari kijana wa kambi aliyekuwa amechoka na foleni na hakuinua hata uso kumtazama. Daktari alimwekea chombo chake mgongoni, akamwambia avute pumzi, aitoe, avute tena. Kifua kilikaa kimya, kama mtoto aliyefichwa chini ya kitanda akaambiwa asithubutu kukohoa. "Mwingine!" daktari akaita, na Kamanda akatoka nje akiwa mzima wa afya kwa mujibu wa karatasi.

Sasa ilibaki hatua moja. Afisa wa upekuzi angepita nyumbani kuona mwombaji anaishi na watu wa namna gani, awaulize majirani maneno mawili matatu, kisha majina yatangazwe.

Na Kamanda alilitaka jeshi kwa namna ambayo haikumwacha alale. Mwaka ule mto ulipolichukua daraja la mji, walikuja wanajeshi wa uhandisi na magari yao, wakaanza kuunganisha daraja jipya kipande kwa kipande. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja aliyeisukuma kofia yake nyuma ya kichwa, akiwapigia wanaume kelele: "Shika! Kaza! Achia!" Nao walishika, wakakaza, wakaachia. Kamanda alisimama ukingoni kutwa nzima. Aliporudi nyumbani aliwatangazia wote kwamba amekwishaijua kazi yake, na tangu siku hiyo hakubadilisha kauli.

*

Ingempasa mgeni akae kidogo katika nyumba ile ndipo atambue kilichokosekana. Hapakuwa na zulia. Hapakuwa na pazia zito wala mto wa manyoya. Mama alipokea kazi za kushona za kila aina, lakini kitambaa chenye nyuzi zinazopeperuka alikikataa hata kama mwenye nacho alilia. Sakafu haikufagiliwa kabla ya kunyunyiziwa maji. Jiko lilihamishiwa nyuma kabisa, upande ambao upepo hauji. Na Baba, ambaye alikuwa seremala, na seremala mzuri, hakuwa na kipande cha mbao uani.

Zamani karakana yake ilikuwa pale pale uani, chini ya mabati. Kisha Kamanda alipofika darasa la tano, kifua kilimbana wiki moja mara tatu, na ya mwisho Mama alimbeba mbio hadi zahanati, miguu ya mtoto ikimgonga magotini. Kesho yake Baba aliipandisha meza yake ya kazi kwenye mkokoteni, akaihamishia upande wa pili wa soko, nyuma ya mafundi wa kuziba matairi. Wateja waliozoea uani si wote waliomfuata. Seremala mwingine alifungua kazi kwenye kona ya mtaa, akaneemeka. Watu walipomuuliza Baba kwa nini alihama, alijibu, "Kule kuna hewa." Kule hapakuwa na hewa yoyote. Kulikuwa na moshi wa mipira.

Kila jioni, kabla ya kurudi, alikoga nyuma ya karakana, akabadili nguo, akakung'uta nywele, akaja nyumbani ananukia sabuni kama bwana harusi. Hivyo Kamanda akakua akiwa binti wa seremala asiyejua hata randa hushikwa vipi.

Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Iliitwa "ile hali," tena kwa sauti ya chini. Lakini kila mtu alikuwa na zamu yake. Vumbi likiingia ghafla, Mama alikuwa wa maji na kitambaa kibichi, na wa kile kifuko alichokishona mwenyewe, kilichoning'inia nyuma ya cherehani na ndani yake inhela, kibomba kidogo cha dawa ya kuvuta. Baba alikuwa wa dirisha na kiti. Kiti kiligeuzwa, Kamanda akakipanda kama farasi na kuegemeza kifua kwenye mgongo wake, maana hivyo ndivyo pumzi ilivyompitia vizuri. Mjomba alikuwa wa mlango, kuzuia watu wasijazane. Hakuna aliyeamrishwa na hakuna aliyekosea.

Ile hali haikuonekana tena tangu darasa la tano. Mama alijua kwamba ni maji yake yaliyoizuia. Baba alijua kwamba ni kuhama kwake. Mjomba, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni, alijua kwamba ni mlango. Jambo moja tu hakuna aliyelijua, nalo ni kama ile hali ingali ipo au ilishajiondokea zamani bila kuaga. Hakuna aliyeuliza. Kamanda alikimbia kila alfajiri kujiandaa, lakini hata yeye alichagua barabara yenye umande.

*

Viti vya heshima viliazimwa kwa jirani, mwenye duka la rejareja, ambaye wote walimwita Mama Duka. Alikuwa na viti vinne vipya ambavyo bado vilivaa nailoni ya dukani, na hakuwa na nia ya kuivua katika uhai wake.

"Mtavirudisha na nailoni yake," alisema.

"Na nailoni yake, shoga yangu," alijibu Mama, akimeza aibu.

"Isichanike."

"Haitachanika."

"Na huyo afande akija dukani kwangu, niachieni. Nitamsifu huyu mtoto mpaka wampe cheo kabla ya sare."

"Usizidishe, Mama Duka," alisema Kamanda, akiwa amejitwisha kiti kichwani.

"Mimi? Mimi huzidisha chumvi tu, tena kwenye mizani."

Siku yenyewe ilipofika, sajenti wa upekuzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye viatu vilivyong'aa hata ukaona haya kukanyaga karibu navyo. Alianzia dukani, kama ilivyotarajiwa, na Mama Duka akafunga duka ili amsindikize mwenyewe hadi sebuleni, asije akapotea katika safari ya hatua kumi.

"Kama nilivyokwambia, afande," alikuwa akiendelea walipoingia, "huyu mtoto ni chuma. Hajawahi kuugua. Hajawahi kukohoa. Mimi nakaa naye ukuta kwa ukuta, na hata chafya yake siijui."

"Tangu azaliwe hajapiga chafya?" aliuliza sajenti.

Mama Duka aliona amekwenda mbali, akajaribu kurudi. "Labda moja. Lakini ya adabu."

Mjomba alikuwa amevaa mkanda wake wa zamani wa jeshi, aliouongezea tundu mbili. Alipiga saluti iliyotikisa vikombe.

"Mzee ulikuwa kikosi gani?"

"Jikoni, afande!"

Sajenti alimtazama kwa muda. "Kumbe ni nyinyi."

"Ni sisi, afande," alikiri Mjomba, na saluti ikashuka yenyewe.

Chai ikamiminwa. Sajenti aliuliza maswali yake kwa upole, faili likiwa magotini bila kufunguliwa: Kamanda huamka saa ngapi, ana marafiki gani, akikasirika hufanya nini. Mama alijibu vizuri. Kamanda alijibu vizuri zaidi. Nailoni ya viti ililia kila mtu alipojisogeza, lakini hilo halikuwa kosa la jinai. Aliyekosekana ni Baba tu. Alikuwa ameahidi kufika mapema, akashikwa na mteja aliyeukataa mlango kwa madai kwamba unafunguka vizuri mno, na aliponasuka kwa mteja huyo, jua lilikuwa limekwisha kusogea. Alifanya hesabu moja tu kichwani: kuchelewa, au kukoga. Akatupa msumeno, akakimbia.

Aliingia mlangoni akitweta, na ovaroli yake ya kazi mwilini, nywele nyeupe kwa unga wa mbao kama za mzee.

"Karibu sana, afande! Karibu nyumbani! Niwie radhi!"

Sajenti alisimama kwa heshima. "Shikamoo, mzee." Na Baba, kwa furaha ya kukuta mambo hayajaharibika, akapiga makofi mawili makubwa.

Wingu likatoka kifuani pake. Lilipaa, likapita katikati ya mwali wa jua uliotoka dirishani, na kila mtu aliliona likigeuka dhahabu.

"Marahaba" haikusemwa. Mama aliiacha chupa ya chai ikiwa imeinama, na kabla haijaanguka tayari maji yalikuwa yanatua sakafuni, mengine kwenye viatu vya sajenti, na kitambaa kibichi kilikuwa kwenye pua ya Kamanda. Baba alilirukia dirisha, akalifungua pande zote mbili, akakigeuza kiti kimoja cha Mama Duka kwa mkono mmoja, akachupa nje kupitia dirisha lile lile ili aliondoe wingu lake pamoja na yeye mwenyewe. Kamanda alikuwa amekwishakipanda kiti, kifua kimeegemea, nailoni inapiga kelele. Mjomba alikuwa mlangoni, mikono ameitandaza. Kifuko kilitoka nyuma ya cherehani na inhela ikatua kiganjani mwa Kamanda. Hata Mama Duka, aliyeisikia shughuli hii kupitia ukuta kwa miaka mingi, alijikuta amenyakua sinia na anapepea.

Kisha wote wakamkodolea Kamanda macho, wakisubiri.

Kamanda alivuta pumzi. Akaitoa. Akavuta tena. Hakuna kilichokuja.

Sajenti alikuwa bado amesimama, matone yakimteremka viatuni. "Nimekaa jeshini zaidi ya nusu ya umri wangu," alisema hatimaye. "Nimeona gwaride chini ya mvua na nimeona kambi ikiamshwa kwa kengele ya hatari. Sijapata kuona kikosi kikishika nafasi zake bila amri hata moja. Naomba tu nielezwe: adui ni nani?"

"Mazoezi, afande," alisema Mjomba kutoka mlangoni. "Sisi hapa tunapenda mazoezi."

"Ni hili joto," alisema Mama wakati huo huo.

"Chafya, afande," alisema Mama Duka, sinia ikiendelea. "Tulidhani anataka kupiga ile ya pili."

Sajenti alijizuia, akashindwa, akacheka. Kicheko kilipomwisha alimgeukia Kamanda, na macho yake hayakuwa na mzaha.

Kamanda hakumtazama yeye. Alimtazama baba yake, aliyekuwa nje ya dirisha anajikung'uta ovaroli kwa nguvu, anajipiga mikono, kifua, kichwa, kama mtu anayewaka moto. Alipoinua uso macho yao yakakutana, na Kamanda aliona ndani yake ombi la msamaha. Akatambua kwamba ombi hilo lilikuwamo siku zote, nyuma ya ile harufu ya sabuni ya kila jioni. Baba yake alikuwa anaomba radhi kwa kuwa seremala.

Akakiondoa kitambaa puani.

"Nilikuwa na pumu, afande."

Mama akaketi, kwa kuwa neno hilo halikuwa limesikika katika nyumba ile kwa muda mrefu.

"Ulikuwa nayo, au unayo?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Hatujawahi kuangalia."

Sajenti alilifungua faili kwa mara ya kwanza. "Hapa umejibu hapana."

"Ndiyo, afande."

"Na kwa daktari?"

"Hapana. Yaani, ndiyo, nilimjibu hapana."

"Ni mimi niliyemfundisha," Mjomba alijitosa. "Kama ni adhabu, nipeni mimi."

"Wewe ulishaadhibu watu wa kutosha, mzee," alisema sajenti, lakini bila ukali. Alikaa tena, nailoni ikalia. "Sikiliza, binti. Watu wanadhani tunauliza ili tupate sababu ya kuwakataa. Wengine tunawakataa, kweli, siwezi kukudanganya. Lakini tunauliza pia ili tujue. Hapa ukibanwa, kuna watu wanne wanaofahamu kiti kinageuzwa vipi. Kule porini, moshi umetanda, usiku, na mwenzako hajui lolote kwa sababu uliandika hapana, nani atakigeuza kiti?"

Kamanda aliitazama inhela kiganjani mwake. Pengine ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake alipokosa amri ya kutoa.

"Mimi nitaandika nilichokiona," sajenti aliendelea akiinuka. "Ila mwandiko wangu ni wa polepole. Daktari wa kambi yupo kesho asubuhi, na taarifa yangu itakuwa haijafika." Mlangoni alimkuta Mjomba bado ametandaza mikono. "Naomba njia, afande wa jikoni."

*

"Bado tunaweza kusema ni pumu ya jirani," alisema Mjomba, mgeni alipokwishatoka.

"Jirani gani?" aliuliza Mama Duka, akikagua nailoni.

"Ukienda ukasema ndiyo, watakukataa," Mama alimwambia Kamanda. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Na mtaa mzima unajua unaondoka. Nimeshashona begi."

"Wakinikataa mimi, Mama, watakuwa wamenikataa mimi. Lakini wakimchukua yule wa kwenye fomu, nitaishi naye vipi kambini?"

"Tena mtalala kitanda kimoja," alisema Mjomba.

Baba alikuwa amesimama uani na ovaroli yake mkononi, hajui aiweke wapi katika nyumba ambayo haikuwa na mahali pa kuiweka.

*

Walikwenda kambini asubuhi, Kamanda na Baba. Daktari alikuwa yule yule kijana, na Kamanda alipokiri, safari hii aliinua uso.

"Kwa hiyo wewe ndiye yule wa hapana."

"Ndiyo, daktari."

"Angalau tumeanza kubadilisha."

Alimuuliza mambo mengi, na Kamanda aliyajibu yote, hata yale yaliyomfedhehesha: barabara ya umande, zamu za sebuleni, kifuko nyuma ya cherehani. Alimpulizisha kwenye mrija wa kipimo. Alimtuma akimbie kuuzunguka uwanja wa gwaride, ambao haukuwa na jani wala tone la maji. Lori moja lilipita, vumbi likapanda, Kamanda akapotelea ndani yake.

Baba alikuwa kwenye benchi kando ya uwanja. Wingu lilipopanda alisimama, mikono ikatafuta kiti cha kugeuza, ikalishika benchi lenyewe. Benchi lilikuwa limechimbiwa ardhini.

"Mzee, kaa," alisema daktari. "Hilo halina mgongo."

Baba alikaa nusu. Kamanda akatokea upande wa pili wa vumbi, mwekundu tangu nywele hadi viatu, akiwa bado anakimbia. Alizunguka tena. Akapuliza tena kwenye mrija. Daktari alisikiliza mgongo wake kwa muda mrefu, safari hii kama mtu anayetaka kusikia.

"Katika kifua hiki sioni kosa," alisema. "Pumu ya utotoni wengine huwapotea, wengine huwarudia ukubwani. Yako imetulia, na kwa kipimo hiki nadhani ilitulia zamani. Kaa na dawa yako karibu, lakini kimbia utakako."

Kamanda alimeza mate. "Kwa hiyo nimepita?"

"Kifua kimepita. Wewe hujapita." Daktari alivua miwani, akaifuta bila haja. "Ungeniambia ndiyo siku ile, ningekupima hivi hivi, na leo pengine ningekuwa nakupongeza. Lakini jibu la uongo kwenye usaili linamwondoa mtu kwenye orodha, na sheria hiyo si yangu. Unataka kwenda uhandisi, si ndiyo? Siku moja mtu atakuuliza kama boliti la daraja limekaza, na gari lililojaa watu litakuwa linasubiri jibu lako. Usaili ujao uje. Anza upya. Uandike ndiyo, kwa herufi kubwa, niione kutoka mbali."

Kurudi nyumbani walitembea kwa miguu. Mafundi baiskeli waliomfahamu walimpigia saluti za utani njiani, "Kamanda, lini tunakuaga?" naye aliwajibu kila mmoja, "Sijachukuliwa. Nilisema uongo kwenye fomu," mpaka utani ukawaishia. Machozi yalimlenga, lakini aliyarudisha nyuma kama safu iliyovunja mstari.

Walipokaribia soko Baba alisimama. "Amesema lile vumbi halikukufanya kitu?"

"Halikunifanya kitu, Baba."

"Na amesema tangu zamani."

"Anadhani hivyo."

Baba alitazama kule nyuma ya mafundi wa matairi, ambako moshi mweusi ulikuwa ukipanda kama kawaida yake. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea nguzo ya umeme, na muuza viazi akauliza kama mzee yuko sawa. "Miaka yote hii," alisema alipopata sauti, "nimevuta mipira!" Kisha, taratibu zaidi: "Kwa nini hatukuuliza, mwanangu?"

"Tuliogopa jibu."

"Na ona lilivyokuwa jibu lenyewe." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Twende. Kuna mkokoteni wa kukodi."

*

Meza ya kazi ilirudi uani kwa kishindo, na vijana wa mkokoteni wakaondoka wakilalamika kwamba meza hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya tembo. Mama alikuwa amemtaka Kamanda arudie maneno ya daktari neno kwa neno, kisha ayarudie tena. Aliamini yote. Hata hivyo alijaza ndoo, akaiweka karibu. Begi jipya alilitundika ukutani, mahali pa kifuko, na kifuko akakiingiza mfuko wa nje wa begi. "Litasubiri usaili ujao," alisema. "Halili chakula."

Baba alifunga ubao mezani, akamkabidhi binti yake randa. Kamanda aliipokea kwa mikono miwili, kama kitu kinachoweza kumkimbia.

"Usisukume kwa mkono. Sukuma kwa mguu, mkono uwe unasindikiza tu."

"Hivi?"

"Hivyo ni kupiga pasi. Inama. Usiuogope, ubao haung'ati."

Ulegevu ukaingia mabegani mwake, randa ikashika, na utepe mrefu wa mbao ukajikunja ukatoka, laini, wenye harufu ambayo Kamanda aliijua kwa mbali tu, siku zote ikiwa imezidiwa na sabuni. Akasukuma tena. Akasahau kwamba anatazamwa. Maranda yakamjaa miguuni, na upepo mmoja usio na adabu ukapita juu ya ukuta, ukayachota, ukayarusha, na vumbi la mbao likamfunika mpaka kope.

Kamanda akapiga chafya.

Ndoo ikainuliwa. Mlango wa ua ukazibwa na mikono iliyotandazwa. Kiti kilikuwa kimegeuzwa tayari, Baba amekishika, uso umemsawijika.

"Ya pili!" Mama Duka aliita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Nimeihesabu!"

Kamanda alisimama wima katikati ya vumbi, randa mkononi. Akavuta pumzi ndefu hadi mwisho wake, wote wakiisikiliza. Ikaingia, ikatoka.

"Kikosi!" akasema.

Mjomba akanyooka papo hapo. Mama naye akanyooka, ndoo mkononi, na Baba nyuma ya kiti chake.

"Mguu pande."

Iliwachukua muda, kwa kuwa amri hiyo hawakuwahi kuifanyia mazoezi. Mjomba alishusha mikono. Baba alikigeuza kiti, akakitazama kama anayekiona mara ya kwanza, akakikalia. Mama akaiweka ndoo chini, si mbali sana, akarudi kwenye cherehani yake, na dirisha akaliacha wazi.